Makampuni Yamfuate Mwanafunzi wa Fizikia Angali Chuoni

Jeshi lolote linalojua kazi yake halingoji kijana ajifunze peke yake kulenga shabaha, kusoma ramani na kutumia redio ya mawasiliano, ndipo limwite kumwandikisha. Humchukua angali kuruta, asiyejua hata kugeuka nyuma kwenye kwata. Humpa sare, chakula, pahali pa kulala na mwalimu. Katika miezi ile ya kwanza kuruta huyo hana faida yoyote kwa jeshi. Hula, hulala na hukosea. Hata hivyo hakuna kamanda anayelalamika kwamba fedha hizo zimepotea bure, maana kila mmoja anajua kwamba askari hodari wa kesho ndiye kuruta wa leo. Polisi nao hufanya vivyo hivyo katika vyuo vyao. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kuona kwamba makampuni mengi hayajataka kuifuata desturi hii. Kampuni inapohitaji mtaalamu hutoa tangazo gazetini: anatakiwa mtu mwenye shahada ya sayansi na ujuzi wa kazi usiopungua miaka mitano. Swali letu ni hili: huo ujuzi wa miaka mitano kijana ataupata wapi, iwapo kila kampuni inangoja akaupatie kwa jirani? Kijana aliyesoma fizikia kwa taabu hulikunja tangazo hilo, akaenda zake kutafuta kazi isiyohusiana kabisa na elimu yake. Baada ya miezi michache kampuni ile ile hulalamika kwamba nchi haina wataalamu, ikaagiza mtu kutoka ng'ambo kwa gharama kubwa.

Tumechagua kuisema habari ya fizikia kwa makusudi. Mwanafunzi wa udaktari anajulikana atakwenda hospitali, na mwanafunzi wa sheria anajulikana atakwenda mahakamani. Lakini mwanafunzi wa fizikia hata wazazi wake hawajui watamwambia nini jirani anayeuliza, "Mtoto wenu atakuwa nani?" Wengi hudhani kwamba kazi yake ni moja tu, yaani kurudi shuleni kuwafundisha wengine fizikia. Ualimu ni kazi ya heshima, tena ni wa lazima, lakini siyo mwisho wa elimu hii.

Fizikia ni elimu ya kupima na kutafuta sababu. Mtu aliyeisoma vizuri amefundishwa kukitazama chombo kisichofanya kazi na kuuliza swali moja baada ya jingine mpaka aifikie asili ya kosa. Umeme unaotoka katika bwawa la Owen Falls tangu mwaka 1954, na ule wa Karuma lililozinduliwa mwaka 2024, hauwezi kupimwa, kusafirishwa na kulindwa bila ya elimu hiyo. Mafuta yaliyothibitishwa mwaka 2006 katika bonde la Ziwa Albert hayakuonekana kwa macho. Yalitafutwa kwa kutuma mitikisiko ardhini na kupima jinsi inavyorudi, na hiyo ni fizikia tupu. Simu anayoitumia askari kumwuliza mkewe hali ya watoto, mizani ya kiwanda cha sukari, kipimo cha joto katika tanuri la saruji, paneli ya jua juu ya paa la zahanati, vyote vinamhitaji mtu wa namna hii.

Yafaa tukumbuke pia jambo lililotupata mwaka 2016. Mwaka huo mashine pekee ya kutibu saratani kwa mionzi katika nchi nzima ya Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika isiweze kutengenezeka tena. Ilikuwa imezeeka. Ikabidi ifanywe mipango ya kuwapeleka baadhi ya wagonjwa Nairobi, na wengine walibaki wakingoja. Mashine mpya ilizinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Mashine ya namna hiyo haiendeshwi na daktari peke yake. Lazima awepo mwanafizikia wa tiba, ambaye hukokotoa kiasi cha mionzi kitakachoua uvimbe bila ya kumwua mwenye uvimbe. Mtu huyo hapatikani kwa tangazo la wiki mbili. Huandaliwa kwa miaka mingi, naye huanza akiwa kijana aliyeketi katika darasa la fizikia la chuo kikuu, akijiuliza kama muhula ujao atapata nauli.

Serikali haikukaa kimya. Tangu mwaka 2005 sehemu kubwa ya nafasi za ufadhili katika vyuo vikuu vya umma imeelekezwa kwenye masomo ya sayansi. Sheria ya mwaka 2014 iliunda bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na wanafunzi wa sayansi walitangulizwa. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa mpaka shilingi milioni 4 kwa mwezi. Hizo ni hatua kubwa. Lakini mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa pili unaotakiwa hapa ni wa makampuni, ambayo ndiyo yatakayochuma matunda ya kwanza.

Ili tusionekane kwamba tunasema maneno matupu, na tutoke kidogo nje ya mipaka yetu tuwatazame waliolifanya jambo hili wakafaulu.

Huko Uingereza, katika mji wa Manchester, ilikuwako kampuni kubwa ya kutengeneza mashine za umeme iliyoitwa Metropolitan-Vickers. Jina hilo halitumiki tena tangu mwaka 1960, lakini desturi yake inafaa kukumbukwa. Kampuni hiyo ilikuwa ikichukua vijana waliotoka vyuoni kuwa wanagenzi, na kazi ya utafiti pamoja na kazi ya mafunzo ziliwekwa chini ya mtu mmoja, Arthur Fleming. Yaani aliyekuwa akitafuta maarifa mapya ndiye aliyekuwa akiwatazama vijana wapya.

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo John Cockcroft, aliyezaliwa mwaka 1897. Mwaka 1914 alianza kusoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Manchester, lakini vita kuu ya kwanza vikamkatiza masomo. Akawa askari wa mawasiliano katika kikosi cha mizinga huko Ulaya, kazi ambayo wasomaji wetu wengi wanaijua: kuhakikisha kwamba aliye mbele anasikilizana na aliye nyuma, hata pale ambapo risasi na matope havimwachi mtu apumue. Mwaka 1918 alipewa cheo cha ofisa. Vita vilipokwisha hakuona haya kurudi darasani na watu waliokuwa wadogo kuliko yeye. Alisomea uhandisi wa umeme, na profesa wake, Miles Walker, akamshauri aingie Metropolitan-Vickers kuwa mwanagenzi.

Mwaka 1922 kijana huyo alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge. Gharama ilikuwa paundi 316. Chuo kilimpa paundi 30 kwa kufaulu mtihani, na paundi 20 nyingine kwa kuwa hakuwa na mali. Kampuni ikajitolea kumpa paundi 50, kwa makubaliano kwamba akimaliza masomo atarudi. Zilizobaki zilichangwa na profesa wake pamoja na jamaa yake mmoja.

Na tuitazame hesabu hiyo vizuri. Kampuni haikulipa hata sehemu moja ya sita ya gharama. Haikujenga jengo wala haikuita waandishi wa habari waje kupiga picha. Iliziba pengo moja tu, lakini iliziba pengo lile ambalo lingalibaki wazi kijana asingalikwenda. Huo ndio msaada wenye maana.

Cockcroft alimaliza masomo yake, na akapokewa katika Maabara ya Cavendish chini ya mwanafizikia mashuhuri Ernest Rutherford. Hakurudi kukaa kiwandani. Kampuni yenye roho ndogo ingaliona kwamba imeibiwa, ikafunga mlango na kudai paundi zake. Metropolitan-Vickers haikufanya hivyo. Urafiki uliendelea. Mashine na vyombo vilivyohitajiwa Cambridge vilitengenezwa Manchester. Mwanafizikia Kapitza alipotaka umeme mkubwa wa kuendesha sumaku zake, kampuni hiyo ndiyo iliyojenga jenereta, na Cockcroft, aliyeijua lugha ya kiwandani na lugha ya maabara, akawa miongoni mwa waliosaidia kuiandaa kazi hiyo.

Kisha Cockcroft na mwenzake kutoka Ireland, Ernest Walton, walianza kazi ambayo wengi waliiona kuwa ya kichaa: kukivunja kiini cha atomu kwa kutumia umeme wa mamia ya maelfu ya volti. Transfoma ilitoka Metropolitan-Vickers. Mafuta na pampu za kutoa hewa yote katika mirija yao vilitokana na uvumbuzi wa C. R. Burch, mtumishi wa kampuni hiyo hiyo. Tarehe 14 Aprili 1932 chombo chao kilivunja kiini cha lithiamu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kukivunja kiini cha atomu kwa mashine aliyoijenga mwenyewe. Mwaka 1951 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Msomaji atauliza: kampuni ilipata nini? Ilipata mengi. Mwaka 1926 ilimwona kijana wake mwingine, T. E. Allibone, akienda Cavendish, na mwaka 1930 akarudi Manchester kuongoza maabara ya kampuni ya umeme wa msongo mkubwa, akiwa na maarifa ambayo kiwanda kisingaliweza kumfundisha. Ilipata pia maswali magumu kutoka chuoni ambayo yaliwalazimisha mafundi wake kutengeneza vyombo bora zaidi. Na ulipofika mwaka 1940, ndege za adui zilipokuwa zikiivuka bahari kuishambulia Uingereza, vituo vya rada vilivyokuwa vimesimama pwani vilitumia mitambo ya kurushia mawimbi iliyotengenezwa na kampuni hiyo, yenye vali zilizotegemea mafuta na pampu zile zile za Burch. Cockcroft naye ndiye aliyewapeleka makumi ya wanafizikia wa vyuo vikuu kwenye vituo hivyo mwaka 1939, wajifunze mitambo kabla ya vita kuanza. Askari waliokuwa zamu hawakujua habari za paundi 50 za mwaka 1922. Lakini walikuwa wakilindwa, kwa sehemu, na urafiki uliojengwa miaka ile kati ya kiwanda na chuo.

Mfano wa pili unatoka Ujerumani, katika mji wa Jena. Huko aliishi fundi wa hadubini aliyeitwa Carl Zeiss. Hadubini zake zilikuwa nzuri, lakini zilitengenezwa kwa kubahatisha: fundi alisugua lenzi, akaitazama, akaibadilisha, akaitazama tena. Mwaka 1866 Zeiss alikwenda kwa mwalimu kijana wa chuo kikuu cha mji huo, Ernst Abbe, akamwomba amtafutie hesabu ya jambo hilo. Abbe alitumia miaka mingi, na mwaka 1873 akatangaza nadharia yake ya jinsi hadubini inavyofanya picha. Tangu hapo lenzi zikatengenezwa kwa hesabu. Mwaka 1884 mtaalamu wa vioo Otto Schott aliungana nao kutengeneza vioo vipya. Wakati huo huo daktari Robert Koch alikuwa akizitumia hadubini za Zeiss, naye mwaka 1882 alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Koch huyo ndiye aliyefika katika visiwa vya Ssese, hapa kwetu, mwaka 1906, kuchunguza ugonjwa wa malale uliokuwa ukiwamaliza watu wa kando ya Ziwa Nyanza.

Kuna jambo moja katika maisha ya Abbe ambalo halina budi kutajwa. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi, akifanya kazi saa 14 mpaka 16 kwa siku. Mtoto wake asingalipata elimu ya juu kama mwenye kiwanda asingalimsaidia. Abbe hakulisahau jambo hilo. Baada ya Zeiss kufariki mwaka 1888, Abbe, aliyekuwa amekuwa tajiri, aliunda mwaka 1889 wakfu wa Carl Zeiss na kuukabidhi mali yake ya kiwanda. Sehemu ya faida ilikwenda kusaidia sayansi katika Chuo Kikuu cha Jena. Mwaka 1900 wafanyakazi wa kiwanda walipewa siku ya kazi ya saa 8. Na katiba ya wakfu huo ya mwaka 1896 ilikataza mtu kubaguliwa kazini kwa sababu ya asili yake, dini yake au siasa yake. Mwenye kiwanda alimsomesha mtoto wa mfanyakazi mmoja. Mtoto huyo akaja kuwasomesha wengi.

Mifano hiyo miwili inatufundisha mambo ambayo kampuni yoyote, kubwa au ndogo, inaweza kuyafanya hapa petu.

Kwanza, kampuni imwendee mwanafunzi mapema. Asingojwe siku ya kuvaa joho. Mwaka wa pili wa masomo ndio wakati wa kumpata, maana hapo amekwisha kuonyesha kwamba anaiweza fizikia, naye bado hajakata tamaa nayo. Ofisa wa kampuni aende mwenyewe Makerere, Mbarara, Gulu au Busitema, azungumze na wahadhiri, akae na wanafunzi. Mhadhiri anamjua mwanafunzi wake kama sajini wa platuni anavyowajua watu wake; atakwambia ni nani mwenye alama nyingi, na ni nani asiyekubali kuiacha kazi mpaka ameijua sababu. Mara nyingi hao si mtu mmoja.

Pili, msaada uelekezwe penye pengo. Mikopo ya wanafunzi hulenga ada na gharama za masomo, lakini chakula na malazi humlemea mwanafunzi mwenyewe. Mwanafunzi mwenye njaa hafanyi jaribio la maabara la saa tatu akapata jibu sahihi. Kampuni inaweza kulipa chumba, chakula na nauli, nazo zilipwe mwanzoni mwa muhula, siyo mwishoni baada ya kijana kukopa kila duka la mtaa. Posho inayochelewa, kila askari anaijua ladha yake.

Tatu, mafunzo ya kazini yawe kazi kweli. Vyuo vyetu huwapeleka wanafunzi viwandani wakati wa likizo ndefu, na hilo ni jema. Lakini wengi hurudi wakisema kwamba kazi waliyopewa ilikuwa kupeleka barua na kuchemsha chai. Kijana apewe mtu mmoja wa kumwongoza, apewe tatizo moja la kiwanda lisilo na jibu bado, na mwisho asimame mbele ya wakubwa aeleze alichokiona. Hata kama jibu lake ni pungufu, kampuni itakuwa imemjua, naye ameijua kampuni. Hiyo ni njia bora ya usaili kuliko maswali ya nusu saa.

Nne, vyombo. Maabara nyingi za vyuo zina vyombo vichache vinavyogombaniwa na wanafunzi wengi. Wakati huo huo katika maghala ya makampuni kuna mita, transfoma ndogo, mashine za kupimia na kompyuta zilizowekwa kando kwa sababu zimenunuliwa mpya. Vitu hivyo vikikaguliwa na kutengenezwa vitawafaa wanafunzi miaka mingi. Lakini isiwe kutupa takataka kwa jina la zawadi. Chombo kiende pamoja na kitabu chake cha maelezo, na fundi wa kuwafundisha watakaokitumia.

Tano, matangazo ya kazi yarekebishwe. Tangazo likisema "anatakiwa mhandisi peke yake", mwanafizikia haombi, ijapokuwa kazi yenyewe ni ya kupima, kukokotoa na kutafuta kosa. Tangazo liseme kazi ni nini, na walioisomea elimu inayofaa waruhusiwe kushindana. Tena kampuni isisahau kwamba mwalimu wa sayansi mwenye shahada amewekewa shilingi milioni 4. Kampuni inayotaka kumpata mwanafizikia kwa nusu ya fedha hizo isishangae ikikosa mtu.

Sita, uchaguzi uwe wa haki. Neno lile la mwaka 1896 kule Jena lingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya kuajiri. Fizikia haina kabila. Volti haiulizi baba yako ametoka wilaya gani. Wasichana nao wasiambiwe kwamba sumaku na nyaya ni kazi ya wanaume; msichana aliyefika mwaka wa pili wa fizikia amekwisha kuvuka vikwazo vingi kuliko mvulana aliyeketi kando yake, na kampuni yenye akili ingeanzia hapo.

Tunajua wenye makampuni watajibu nini. Watasema, "Tukimsomesha atatukimbia, aende kwa mshindani wetu au ng'ambo." Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Dawa yake ni mkataba ulio wazi: kijana aliyesaidiwa miaka miwili atumikie kampuni muda ulio sawa na huo, kwa mshahara ulioandikwa tangu mwanzo, na akitaka kuondoka kabla ya muda, arudishe kiasi kinacholingana na muda uliobaki. Jeshi nalo lina mikataba ya utumishi, na kila kuruta anajua anachokitia sahihi. Lakini mkataba usiwe pingu. Kampuni inayomfunga kijana miaka 10 kwa msaada wa muhula mmoja haitapata mtumishi mwenye moyo. Itapata mtu anayehesabu siku. Na hata yule atakayeondoka kwa heshima si hasara tupu, kama tulivyoona kwa Cockcroft. Aliyeondoka akiwa rafiki huendelea kuleta faida.

Wengine watasema kwamba kampuni zao ni ndogo. Tunawajibu: paundi 50 kati ya 316. Makampuni matatu yanaweza kushirikiana kumsaidia mwanafunzi mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwanafunzi naye ana wajibu. Msaada wa kampuni si zawadi ya kunywea bia. Anayelipiwa ahudhurie masomo, aandike taarifa ya kila muhula, na akienda kiwandani awahi kazini na awasikilize mafundi wa muda mrefu, ambao huenda hawana shahada lakini wanaijua mashine kwa sauti yake. Kijana anayemdharau fundi mzee atajifunza nusu tu ya kazi.

Sasa tuwageukie ninyi, ndugu askari na polisi. Huenda mmoja wenu amejiuliza tangu mwanzo wa tahariri hii: habari za makampuni na vyuo vikuu zinanihusu nini mimi niliye lindoni? Zinakuhusu kwa sababu mtoto anayesoma chini ya taa katika nyumba za kambi ni wako. Yuko koplo ambaye binti yake amepata alama nzuri za fizikia, naye anamshauri aiache kwa kuwa haoni kazi mbele. Tunamwomba asimkataze kabla ya kuuliza. Aende naye chuoni, aulize ni kampuni gani zinazofadhili wanafunzi, masharti ni yapi, na mkataba unasemaje. Ausome wote kabla ya binti kutia sahihi, kama anavyokagua silaha kabla ya kuipokea kutoka ghalani.

Zinakuhusu pia kwa sababu vyombo unavyovitumia, redio, darubini ya usiku, kipimo cha mwendo wa magari barabarani, vyote vilianza katika maabara ya fizikia. Nchi inayonunua vyombo hivyo bila ya kuwa na watu wake wa kuvielewa hubaki ikimngoja fundi wa mbali kila kitu kinapozimika. Nasi tunajua maana ya redio kuzimika wakati usiofaa.

Mwisho, tunawaambia wenye makampuni neno moja la kirafiki. Wakati huu mnapoisoma orodha ya nafasi mlizokosa watu wa kuzijaza, mtu mnayemtafuta yuko katika maabara ya chuo kikuu, amesimama kwenye foleni akingoja zamu yake ya kutumia chombo kimoja kilichobaki kizima. Hajulikani kwenu bado, wala ninyi hamjulikani kwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nendeni mkamwone muhula huu, kabla hajaamua kwamba elimu yake haina mwenye kuitaka.